Mita Imesogea

Saa tisa na nusu alasiri, kola ya shati ilikuwa bado mbichi.

Mwalimu aliibana tena kati ya viganja, huku sikio likiwa ngazini. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili mfululizo. Kamba tatu zilikatiza sebule kutoka dirishani hadi mlango wa jikoni, na nguo zilining'inia zimenyong'onyea kama watu waliopanga foleni tangu alfajiri.

Mbele ya wageni, mwenzake wa ndoa alijivunia kamba hizo. Mashine ya kukaushia inakula umeme, alisema, lakini upepo hauna bili. Watu walicheka, wakasifu. Hawakujua kwamba kila asubuhi, kabla ya kwenda kusimamia ghala lake, aliandika namba za mita kwenye karatasi, na kila alasiri saa kumi, kabla ya kuvua viatu, alizisoma upya.

Mwenzake alilitaka shati hilo kwa kikao chake cha saa kumi na moja. Likiwa bichi, kosa. Likipigwa pasi, kosa.

Mwalimu alichomeka pasi.

Kola ilikuwa inaanza kukauka pale jirani wa juu, muuguzi mstaafu, alipobisha hodi kuazima vibanio. Mwalimu alimnyooshea kopo, na mkono wa sweta ukapanda. Muuguzi aliliangalia kovu lenye ncha kama ya pasi.

"Ngazi tena?"

"Niliteleza."

"Basi ngazi za nyumba hii zina moto." Hakutabasamu. "Miaka thelathini nimefunga watu vidonda, Mwalimu. Nikisikia tena, napiga simu. Sitakuomba ruhusa."

"Usipige, tafadhali. Ndugu zangu wenyewe niliwaambia. Walicheka."

Muuguzi alichukua kopo, akapanda taratibu akishikilia ukuta. Mwalimu aliingia chumbani kwa mtoto wao wa miaka minne, akamfunika shuka, akamwambia asitoke mpaka aitwe. Mtoto hakuuliza kwa nini. Alikuwa amezoea.

Saa kumi kasoro dakika tatu, ufunguo uliingia tunduni. Viatu havikuvuliwa. Hatua zikaishia mbele ya mita.

"Imesogea," alisema mwenzake.

"Shati lilikataa kukauka. Zilikuwa dakika tano tu."

"Sijauliza dakika." Sauti ilikuwa ya upole, ile ile ya kuagizia chai. "Ichomeke tena. Halafu leta mkono."

Mwalimu aliutazama mlango. Mara ya mwisho alipoukimbilia, alirudi akamkuta mtoto amefungiwa stoo. Akabaki. Akakunja mkono wa sweta.

Siku zote aliuma meno. Safari hii meno yalimsaliti, na ukelele ukapenya hadi ghorofa ya juu.

Haikupita robo saa, buti zikasikika ngazini. Mwenzake alitega sikio, akafikiri kidogo, kisha akauweka mpini wa pasi kwenye mkono wa Mwalimu uliokuwa mzima.

"Shika."

Mwalimu akashika. Miaka sita ya kutii haimtoki mtu kwa siku moja.

Mwenzake alifungua mlango, machozi tayari yakimtiririka. Waliingia askari wawili, makoti yao yakichuruzika maji. Wakaona pasi bado ina moto. Wakaona mtu analia mlangoni, na mwingine amesimama na pasi mkononi katikati ya nguo mbichi. Hawakuuliza hata swali moja.

Mwalimu alifungua kinywa aseme maneno aliyoyafanyia mazoezi bafuni miaka yote hiyo. Kabla hayajatoka, pingu zilimbana juu ya kidonda.

Askari mkubwa alimgeukia yule aliyekuwa akilia, akavua kofia.

"Pole sana, mama," alisema. "Mumeo hatakugusa tena."