Siku Nasra Alipomwangusha Mama Yake

Tangu watu wakatazwe kugusana mazoezini, watoto wote wa Tanga walijifunza kung fu kwa roboti. Sikudhani, aliyefunzwa zamani na binadamu, alifunga mlango wa sebule akamwambia bintiye, "Nasra, leo jaribu na mimi."

Wakasukumana, viganja kwa viganja. Nasra alingoja mama yake aegemee mbele, akageuza kiuno kidogo tu, na Sikudhani akajikuta chali mkekani, kifua kimemjaa fahari. Yeye mwenyewe, enzi zake, hakuwahi kumwangusha mwalimu wake.

Akanyoosha mkono huku akicheka. Nasra aliutazama tu, asijue aufanyie nini.

"Niinue basi, mwanangu."

"Kwani huinuki mwenyewe, mama?" Nasra akauliza kwa upole. "Roboti huinuka yenyewe."