Kiti cha Mlinzi

Felisa aliumwaga uji wa mchele chini ya kiti, pamoja na vipande vya kuku na tangawizi, kisha akajifuta mikono kwenye gauni. Hakuwa mjinga wa kula kilichopikwa na Marivic.

Marivic, mke wa mwanawe, alikuwa kitandani, amejikunyata, uso kaugeuzia ukutani. Mikono yake ilijaa michubuko mipya ya kucha. Wenye wazimu hujikwaruza hivyo, Felisa aliwaza, na roho yake ikaburudika. Katika wodi hii ya hospitali ya Iloilo, Ufilipino, kila mgonjwa ana ndugu wa kumwangalia mchana na usiku, na huyo ndugu hapewi kitanda, ni kiti tu. Felisa alikikalia kiti chake kama hakimu.

Alimchukia Marivic hasa. Ambo, mume wa Felisa, alimwonya tangu siku ya harusi: huyu atamchukua mwanetu Jomar, kisha aichukue na nyumba. Asubuhi hii amemwonya tena, palepale dirishani. Na Marivic bado amechomeka pini nyeusi ya msiba kifuani, eti anamlilia baba mkwe. Mnafiki mkubwa.

Dokta Palma aliingia, nyuma yake muuguzi aliyebeba chupa ya dawa.

"Majibu ya maji ya uti wa mgongo yametoka," alisema. "Si wazimu, na wala si uchawi. Mwili una askari wake wa kupigana na maradhi. Sasa hao askari wamekosea adui, wanashambulia seli za ubongo wenyewe. Ndiyo maana mtu halali, anapiga watu, kila anayemkaribia anamwona mbaya wake."

"Ndiye huyo kabisa," Felisa alisema.

"Dawa ikianza leo, kuna matumaini makubwa. Tukizidi kungoja, ubongo utaharibika."

Felisa aliiona nyumba yake imetulia, yeye na Jomar mezani, na kiti cha tatu kitupu. Tamaa ikamjaa.

"Basi ngojeni," alisema. "Au mrudisheni kwao akafie huko."

"Mama, punguza maneno," muuguzi alimwambia.

"Nipunguze nini? Mkubwa hapa ni mimi. Nimesema asipewe."

Daktari alimpita. Aliinama kitandani, akamgusa Marivic begani. "Dada, amka. Nataka neno lako."

Marivic aliinuka haraka, akiweka nywele sawa. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Samahani, dokta. Nilijinyoosha kidogo tu. Mgonjwa mwenyewe kakataa kitanda tangu jana, anang'ang'ania kiti changu." Aliitazama chupa. "Mpeni. Chochote kitakachomrudisha, mpeni."

Muuguzi alipiga magoti mbele ya kiti, akasoma jina kwenye utepe wa mgonjwa uliofungwa mkononi mwa Felisa, akaanza kutafuta mshipa.