Wembe wa Siku ya Sita

Pini ilizama kwenye shavu la kushoto, na tone dogo la damu likachomoza. Miwani alijitazama kwenye kioo cha choo cha kiwanda kama mtu anayekagua mali ya mwenzake. Aliumia, ndiyo. Lakini je, aliumia kiasi cha kutosha?

Alijifuta, akatupa pini, akaenda kazini.

Kazi yake ilikuwa kunyoa ndevu zake mwenyewe. Kila asubuhi wanaume kumi na wawili waliingia kwenye vibanda kumi na viwili, kila kimoja na sinki lake na kioo chake. Kila mtu alipewa wembe wenye namba yake, akanyoa, akaurudisha kwenye trei. Kisha dada wa maabara alipita na karatasi zake, akiuliza swali lile lile: "Unavuta au unateleza?"

Mpini wa wembe huo kampuni iliugawa karibu bure. Faida ilikuwa kwenye vichwa vya kubadilisha: pakiti ya vichwa vinne iliuzwa kwa bei ya jozi ya viatu. Kila kichwa kilikuwa na utepe wa buluu, na pakiti ilionya kwamba utepe ukififia, wembe umekwisha. Wapimaji waliambiwa kwamba kampuni inataka kujua jambo moja tu: wembe mmoja unachoka siku ya ngapi.

Siku ya nne wenzake walianza kulalamika. Siku ya tano walilalamika wote. Miwani peke yake hakuona tofauti. Wembe ulipita shavuni kama kidole kwenye siagi.

Kaka yake mkubwa alianza hivyo hivyo. Kwanza shavu moja likawa kama la kuazima, kisha mguu, kisha miaka minne ya kugeuzwa kitandani na mama yao. Madaktari walisema maradhi hayo hutembea katika ukoo.

Jioni ya siku ya tano mkewe alimfinya shavu mpaka kucha zikaacha alama.

"Unasikia?"

"Nasikia."

"Basi u mzima, baba watoto. Acha kujitafutia maradhi."

"Hata kaka alikuwa anasikia akifinywa."

Mkewe aliondoa mkono, na Miwani aliona jinsi alivyoutazama mkono huo kabla ya kuuficha kwenye khanga.

Sasa ilikuwa siku ya sita. Alivua miwani iliyompa jina, ambayo bila hiyo hakuweza kumtofautisha mtu na pazia, akaiweka juu ya rafu. Akajipaka povu, na bila kuuona hata utepe wa wembe akanyoa kwa kupapasa, kama alivyozoea maisha yake yote. Aliomba wembe umkwaruze. Aliukandamiza. Uliteleza.

"Dada, huu si wembe, ni kijiko!" alipiga kelele mtu wa kibanda cha jirani, aliyeitwa Kidevu.

"Kijiko afadhali," mwingine akadakia. "Mwenzenu nanyonyolewa kama kuku!"

Vicheko vilizunguka vibandani. Dada wa maabara hakucheka. Alisimama nyuma ya Miwani.

"Na wewe, kaka?"

"Unateleza."

"Kama jana?"

"Kama siku ya kwanza."

Kalamu yake ilisita. Kwa wengine aliandika neno moja. Kwake aliandika mistari mitatu, akaondoka kwa haraka bila kumtazama usoni. Nusu saa baadaye Miwani aliitwa kwa mkuu wa maabara.

Alipanda ngazi akizihesabu hatua za mguu wa kushoto. Mkataba alikuwa ameukariri: mpimaji atakayepungukiwa na hisia za ngozi ataondoka siku hiyo hiyo. Nani angemwajiri tena mtu wa makamo mwenye macho mabovu, na sasa uso uliokufa?

"Keti, kaka," mkuu alisema. Dada wa maabara alikuwa amesimama kando ya kabati. "Wenzako kumi na mmoja wanasema wembe umekwisha. Wewe unasema unateleza. Tukueleweje?"

Jasho lilimteremka mgongoni. Alishukuru kwamba alilisikia.

"Unavuta, mkuu."

"Mbona umemwambia dada vingine?"

"Nilijikaza tu. Niliona aibu kulialia mbele za watu. Tangu juzi ni maumivu matupu."

Mkuu alimkazia macho, kisha akaangua kicheko. "Mwanamume wewe! Hapa hatulipi ushujaa. Ukiumia, sema." Akamgeukia dada. "Futa maelezo yake. Kumi na wawili kwa kumi na wawili. Siku sita kila kichwa, vichwa vinne: pakiti haimalizi mwezi. Huko juu watafurahi."

Miwani aliambiwa arudi kesho asubuhi kama kawaida. Aliitikia, akashuka ngazi, akashika njia ya hospitali. Alijiunga na foleni ya daktari wa mishipa ya fahamu akiwa mtu wa thelathini na kitu, kiganja kimebana shavu la kushoto kana kwamba lingeanguka.

Wakati huo dada wa maabara alikuwa akimwaga kwenye pipa vichwa kumi na viwili vya asubuhi, kila kimoja kimenyoa mara moja tu. Alifungua boksi jipya lililotoka kwenye mashine, akapanga vingine kumi na viwili kwenye trei ya namba. Kisha akachovya brashi kwenye dawa ya kufifisha rangi, akaanza kuufanya utepe wa kila kimoja uonekane wa siku ya saba.