Mdudu wa Mama

Sikhangezile aliondoa macho kwenye hadubini, akayafikicha. Alikuwa amewalinganisha wadudu wawili mara saba, na jibu lilikuwa lile lile. Mbawakawa huyu mwembamba, mwenye vifuniko vya mbawa vifupi kama kizibao, aliyemtangaza spishi mpya miaka kumi na tisa iliyopita na kumpa jina la mama yake, alikuwa jike tu wa spishi iliyojulikana tayari. Dume wake alikwisha kupewa jina zamani, na kwa kanuni za sayansi jina la kwanza ndilo hubaki.

Simu ikalia. Mama, kutoka Tsholotsho.

"Mdudu wangu hajambo? Wenzangu wa kanisani wanamuulizia."

Sikhangezile akakichomoa kikaratasi chekundu cha spishi mpya, chenye jina la mama, kwenye pini ya mdudu, taratibu, kisichanike.

"Hajambo, mama. Amepata mume. Sasa atatumia jina la mumewe."

"Afadhali yeye amepata," mama akasema.