Miale Kabla Alhamisi Haijaisha

"Rudia, daktari," Beldina alisema. "Akikosa hiyo miale, itakuwaje?"

Daktari Sukhdev alivua miwani. Asubuhi hiyo, Jumatatu, alikuwa ameiunga nyonga ya Walter, mumewe Beldina, kwa vyuma.

"Mfupa mpya utaota ndani ya nyama, mama. Nyonga itakaza. Mashine iko Nairobi, na lazima apigwe miale kabla Alhamisi haijaisha. Mara moja tu. Baada ya hapo haisaidii tena."

"Hatakimbia?"

"Kukimbia? Hata kuinuka kitini atahitaji watu."

Beldina aliisukuma kifuani barua aliyoandika daktari kuwaeleza ndugu, akavuta leso kufunika alama za mkononi. Walter alikuwa ameruka kutoka veranda mbio, akaangukia jiwe la kusagia, na katika zogo lile hakuna aliyeuliza alikuwa akikimbilia nini.

Jumanne ndugu wa Walter walikutana nyumbani, Kisian.

"Wanataka kumpeleka Nairobi," Beldina aliwaambia kwa sauti ndogo. "Kwa mashine ya miale."

Watu wetu nao! Ukitaja mashine ile, tayari wanapima mbao za jeneza.

"Ile ya kansa?" Gordon, kaka mkubwa, aliruka. "Si jirani yetu Absalom alipelekwa huko, akarudi ndani ya sanduku? Ndugu yangu amevunjika mfupa tu! Shemeji, daktari anatuficha nini?"

"Mimi sijui, shemeji. Nyinyi ndio wenye mtu."

Akalia, na machozi yalikuwa ya kweli. Barua haikutoka kifuani.

Jumatano walibishana kutwa. Treni ya jioni ikaondoka Kisumu bila Walter. Alhamisi Gordon alienda hospitalini, akatia sahihi, akamtoa ndugu yake kitandani, huku Sukhdev akiwafuata kwa kelele mpaka langoni. Siku nzima Beldina aliitazama saa ya ukutani. Jua lilipozama ziwani alishusha pumzi, akaomba, akasonga ugali.

Miezi sita ikapita. Nyonga ilikuwa imekaza kama alivyosema daktari, na Walter hakuinuka kitini bila wanaume wawili kumshika. Lakini kumtunza mume, hakuna aliyemfikia Beldina. Kisian nzima ilisema hivyo. Alimwosha, akampikia, akazipiga pasi suruali zake. Mkanda wake aliutundika msumarini kando ya mlango, mahali pake pa siku zote, hatua nne kutoka kwenye kile kiti.

Asubuhi moja chai ilichelewa. Uso wa Walter ukabadilika.

"Beldina! Lete ule mkanda!"

Elsie, binti yao, akazama chini ya meza kwa mazoea.

Beldina alimaliza kumimina chai, polepole.

"Uko palepale, Baba Elsie. Inuka uuchukue."