Kijiko Kimoja Tu, Mama

"Fungua mdomo, mama. Kijiko kimoja tu, halafu nakuacha."

Mgonjwa alifungua mdomo kidogo. Supu ikaingia nusu, nusu ikateremka kidevuni. Fundi aliifuta kwa pindo la aproni yake.

"Ukitema tena nitakushonea bibu ya maua kama ya mtoto. Tuone utakavyopendeza."

Hakuna aliyecheka. Fundi mwenyewe alijaribu, ikashindikana.

Cherehani ilikuwa imesukumwa ukutani kupisha kitanda. Juu yake zilirundikana sare za wanafunzi ambazo bado hazijaungwa mikono, na wenye sare walikuwa wameshaanza kupiga simu. Tangu mgonjwa aletwe, Fundi alishona kwa kuibia. Mgonjwa akisinzia, anaketi kukanyaga. Mgonjwa akigutuka, anaacha mshono katikati.

Taya lilikuwa bado limevimba, ndiyo maana kila chakula kilipondwa kwanza. Mkono wa kushoto ulikuwa kwenye plasta. Ngazi, ndivyo Fundi alivyoambiwa. Aliteleza kwenye ngazi. Daktari alisema mfupa utaunga. Kuhusu kusema, wasubiri. Zamani mgonjwa huyu akiimba jikoni, majirani walipunguza redio wamsikilize. Sasa hata kuguna hakuguna.

Dada mkubwa wa Fundi alipokuja kuwaangalia, alimkuta mdogo wake ameegemea friji iliyo wazi, uso umelowa jasho.

"Limeanza tena?"

"Linakuja lenyewe. Joto langu hili wangeliunganisha na jiko, gesi isingeniishia."

Dada hakucheka. Alifunga friji, akamvuta, akamkalisha kwenye kiti cha cherehani.

"Hamsini na mbili siyo ishirini, mdogo wangu. Hulali. Una presha. Magoti ndiyo hayo. Juzi mmeanguka wote wawili bafuni."

"Tuliteleza."

"Na siku usipoinuka? Nani atamwinua mwenzako?"

Fundi aliokota uzi sakafuni, akauzungusha kidoleni.

"Mwache aende kwa kijana wako," dada aliendelea, safari hii kwa upole. "Ana nyumba kubwa, ana gari, ana mtu wa kazi. Ameomba mara ngapi amtunze yeye? Kwa adabu zote. Wewe unamkatalia kama mtu aliyekuja kukuibia kuku."

"Hataki kwenda."

"Amekwambia?"

Fundi alimtazama mgonjwa, aliyekuwa ameukodolea macho ukuta. Kila alipomsugua mgongo alimuuliza polepole: niambie, mama, niambie tu, nitafanya lolote. Kila mara maji yalipoa kwenye beseni bila jibu.

"Hajaniambia," alikiri.

"Basi. Nimeshampigia. Yuko njiani."

"Dada. Ungeniuliza kwanza."

"Ningekuuliza ungekataa. Unataka nikuzike?"  Dada akajifanya anapanga zile sare zilizorundikana. "Ninaye mdogo mmoja tu mimi."

 Mtu anayekupenda ni mgumu kugombana naye.

Nje, mlango wa gari ulifungwa. Vidole vya mgonjwa vikaikamata aproni ya Fundi.

"Unaona anavyoshtuka?"

"Anashtuka hata kifuniko cha sufuria kikianguka," dada alisema. "Ni ugonjwa huo."

Kijana aliingia na mfuko wa matunda, shati limepigwa pasi likanyooka.

"Shikamoo, mama mkubwa. Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba, karibu," dada aliwahi. Marahaba ya Fundi ilichelewa kidogo.

Kijana aliuweka mfuko mezani taratibu, asiyaponde matunda. "Nimetandika zulia ngazi zote, mama. Hatateleza tena. Kitanda nimekihamishia chini. Wewe umejitesa vya kutosha. Sasa niachie mimi."

 Alichokuwa nacho Fundi ni hofu, na hofu haina ushahidi. Angesema nini? Kwamba halali vizuri? Wangemwambia ni umri. Kwamba moyo unamwenda mbio? Wangemletea dawa yake ya presha na glasi ya maji.

"Wiki moja tu, baba," alisema. "Apone taya kwanza. Nakuomba."

"Usiniombe, mama, nitapata laana." Kijana alitabasamu. "Tumuulize mwenyewe. Akikataa naondoka, na sitarudi kuwasumbua. Mama mkubwa ni shahidi."

"Hawezi kusema."

"Atatikisa kichwa. Hicho hakina plasta."

Dada alicheka kidogo, kwa nafuu. "Hapo umesema la maana. Muulize, mdogo wangu, yaishe."

Fundi alipiga magoti kando ya kitanda, goti likalia. Aliushika ule mkono mzima, akaubana kati ya viganja vyake viwili.

"Umesikia, mama? Tikisa kichwa tu. Mara moja. Ukitikisa, huendi popote, hata nikishona nikiwa nimekubeba mgongoni. Nitikisie kichwa, mama yangu."

Kichwa hakikutikisika.

 Dada alimwekea Fundi mkono begani, na mkono ule ulikuwa mzito kama gunia.

Kisha kijana akainama upande wa pili wa kitanda, akashusha sauti.

"Mke wangu," alisema, "twende nyumbani."

Binti wa Fundi, msichana wa miaka ishirini na mitatu, aliuchomoa mkono wake viganjani mwa mama yake, akainuka bila kushikwa, akaanza kutafuta viatu.