Kiwanja Namba Kumi na Nne

Verlin Haugstad alikichomoa kikaratasi kwenye nguzo ya kiwanja namba kumi na nne cha kambi ya msituni, akakikunja mara mbili, akakitia mfukoni. Kisha akarudi kwenye pikapu yake, akaliingiza trela lake la kulala kinyumenyume mpaka magurudumu yakagusa magogo ya mwisho wa kiwanja.

Kikaratasi kilisema: NAFASI IMEWEKWA, 9 HADI 23 SEPTEMBA. Jina hakuna. Siku hizi wakubwa wa misitu wamekataza majina yasibandikwe, eti siri ya mteja. Kwa hiyo mtu ananyang'anywa mahali pake na hajui hata amtukane nani.

Alikuwa bado anazungusha vyuma vya kusimamishia trela wakati Twyla alipofika na kigari chake cha umeme. Twyla alikuwa mstaafu kama yeye, mtu wa jimbo la Missouri, aliyekaa kambini bure kiangazi kizima kwa kazi ya kusafisha vyoo na kuzoa majivu.

"Mzee, umepotea? Wewe ni wa ishirini na mbili, kule nyuma ya vyoo."

"Sijapotea. Hapa ndipo ninapokaa kila Septemba, miaka tisa sasa."

"Mwaka huu pana mwenyewe."

"Mwenyewe nani? Mtaje!"

"Majina anayo afisa wa msitu, mimi sipewi. Mimi napewa mifagio."

"Basi huyo mwenyewe aje anitoe. Aje na kaka zake."

Twyla akacheka bila kutaka. "Una miaka mingapi, mzee?"

"Sabini na tatu."

"Na bado unatafuta kupigwa." Akawasha kigari. "Sikiliza. Sheria inampa mpaka kesho saa sita mchana. Asipotokea, kiwanja ni cha aliyepo. Akitokea, afisa atakuvuta wewe na trela lako."

"Avute."

Kambi nzima, hicho ndicho kiwanja pekee ambacho ziwa linaonekana kutoka kitandani. Trela likikaa sawasawa, dirisha la upande aliolalia Arlys, mkewe, linajaa maji ya ziwa. Tangu amzike mkewe mwezi wa Mei, Verlin hakuwa amelala usingizi wa maana hata siku moja. Alishajiambia: akiukosa hapa pia, trela analiuza na safari zimekwisha.

Walipostaafu, yeye hakutaka kusikia habari ya kuweka nafasi. Alitaka waamke, wanywe kahawa, waulizane kaskazini au magharibi. Arlys ndiye aliyepanga: mahali pamoja pa uhakika kila mwezi, siku nyingine ziende zinakotaka. Aliyafanya hayo peke yake kwenye kompyuta, kila mara nafasi ya watu wawili, na Verlin hakuuliza wala hakusaidia. Mwezi wa Juni alipokwenda maktaba kuomba aonyeshwe, binti wa pale alibonyeza mara tatu tu, akasema kumi na nne imekwenda, wiki zote mbili zinazoruhusiwa.

"Viwanja kama hivi huchukuliwa miezi sita kabla, bwana. Dakika ile ile wanapofungua."

"Miezi sita! Nani anajua kama atakuwa hai miezi sita ijayo?"

Binti alimwandikia ishirini na mbili. Hao wanaotunga sheria hawajiulizi hilo, maana wao hawalali kwenye trela.

Na hospitali ni hivyo hivyo. Aprili ndipo Arlys alipomketisha jikoni, akamwambia ugonjwa umeonekana. Wiki tano baadaye hayupo. Madaktari wana mashine za mamilioni na hawaoni kitu mpaka kitu kimemaliza kazi yake. Verlin hakuwa amewasamehe, na hakuwa na mpango wa kuanza.

Usiku huo hakulala. Kila gari lililopita lilikuwa la mwizi wake.

Asubuhi alitoa kiti nje, akakaa na kahawa katikati ya njia ya kuingilia. Mwizi alishamchora kichwani: kijana wa mambo ya kompyuta, gari refu kama basi, mbwa aliyevaa koti. Saa nne likaja gari refu kama basi, likapunguza mwendo mbele yake. Verlin akasimama, ngumi tayari. Bibi mmoja mwenye nywele nyeupe akampungia mkono dirishani, akaenda zake namba kumi na sita.

Saa sita kamili afisa wa msitu alishuka garini na ubao wake wa karatasi. Aliitwa Kimsey. Twyla alikuwa nyuma yake, hakutaka kukosa.

"Nimesikia umeng'ang'ania hapa," alisema Kimsey.

"Nimeng'ang'ania."

"Una bahati. Mwenyewe hajatokea, na simu yake haipatikani. Namfuta yeye, nakuandika wewe." Akatoa kalamu. "Jina?"

"Haugstad."

Kalamu ikasimama. "Taja herufi."

Verlin akazitaja moja moja, kwa sauti ya mtu aliyechoshwa na maofisi. "La Kinorwe hilo. Mbona? Halifai?"

Kimsey aliangalia karatasi, akamwangalia yeye, akaangalia trela. Kisha akairudisha kalamu mfukoni.

"Vipi, anakuja?" aliuliza Verlin. "Niambie kama anakuja."

"Nadhani hii usome mwenyewe, bwana," alisema afisa, akamgeuzia ubao.

Verlin alisoma polepole, kidole chini ya kila mstari.

Mwenye nafasi: Arlys Haugstad. Imewekwa: tarehe tisa Machi, saa mbili na dakika moja asubuhi.

Idadi ya watu: mmoja.